Nusu Volti Juu ya Svalbard

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote katika fani hii hakina hata waya mmoja ndani yake. Ni mpira wa plastiki nyembamba iliyopakwa madini yanayoakisi rada, upana wake mita moja, uliokunjwa na kutiwa ndani ya roketi ndogo. Roketi ikishapanda kilomita mia moja na ushei, mpira husukumwa nje, hufura, kisha huanza kuanguka huku rada ikiufuata kutoka chini. Kule juu ambako hewa ni haba hakuna cha kuuzuia. Ukiingia kwenye hewa nzito zaidi, mwendo hupungua. Kwa kutazama mwendo huo tu, mtu aliyekaa mezani hukokotoa uzito wa hewa ya kila tabaka. Kutokana na uzito huo anapata joto lake, na kutokana na jinsi mpira unavyopeperushwa pembeni anaujua upepo. Ukikaribia kilomita thelathini kutoka ardhini, hewa huuminya ukanywea, na kazi yake imekwisha.

Mipira ya namna hii ilirushwa kwa wingi katika miaka ya 1980 na 1990 kutoka Andøya, kisiwa cha kaskazini mwa Norway, na mwanafizikia Mjerumani Franz-Josef Lübken akaitumia kuchora ramani ya joto la anga ya kiangazi juu ya Aktiki. Ramani hiyo inakataa kukubaliana na akili ya kawaida. Kiangazi huko jua halizami kwa wiki nyingi, lakini kilomita 88 hivi juu ya ardhi baridi hufika karibu nyuzi 140 chini ya sifuri. Hakuna mahali pengine katika hewa ya dunia penye baridi kama hiyo. Wakati wa majira ya baridi, jua lisipochomoza kabisa, mahali hapo hapo hupata joto zaidi. Chanzo chake ni mawimbi ya hewa yanayozaliwa huku chini, juu ya milima na dhoruba, yakapanda hadi huko na kuvunjika. Kuvunjika kwake huisukuma hewa ya upande wa kiangazi ipande, na hewa inayopanda hutanuka na kupoa. Baridi hiyo ndiyo inayogandisha mvuke kidogo uliopo na kufanya yale mawingu membamba ya rangi ya fedha, kilomita 83 hivi juu, yanayong'aa usiku wakati ardhi yote iko gizani.

Waliotangulia kulipima jambo hilo hawakuwa na mipira. Katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, William Stroud na wenzake walirusha roketi kutoka Churchill, Kanada, zikiwa zimebeba mabomu madogo. Mabomu yalilipuka angani moja baada ya jingine, na chini zilikuwapo maikrofoni zilizotandazwa ardhini kuusubiri mshindo. Sauti huenda haraka katika hewa ya joto na polepole katika hewa ya baridi. Ukilinganisha mshindo wa bomu la kwanza na wa la pili, saa ulipotokea na saa ulipofika, umeijua hewa iliyo katikati ya milipuko hiyo miwili.

Mpira na bomu. Nimeanza na hivyo kwa sababu mtu wa kawaida, mimi nikiwamo, angeuliza mbona wasipeleke kipimajoto tu. Kipimajoto kingefika, lakini kwenye hewa haba kiasi kile kingepima joto lake chenyewe, joto la jua linalokipiga na la chuma kilichokishika, na mafundi wangerudi nyumbani na takwimu safi kabisa za kipimajoto chao. Hofu hiyo, ya kujipima wenyewe wakadhani wamepima anga, ndiyo iliyoujenga ustadi wote nitakaoueleza.

Kwanza, kwa nini roketi. Angani kuna ukanda ambao hakuna chombo kinachoweza kukaa. Maputo ya utafiti hukomea kilomita arobaini hivi. Setilaiti nayo ikishuka chini ya kilomita mia mbili hivi, hewa iliyobaki huko, japo ni haba, huikokota mpaka ianguke na kuungua. Kati ya mipaka hiyo miwili, njia pekee ya kugusa kitu chenyewe ni kukipitia: kupanda, kupima njiani, kushuka. Ni kazi ya baharia anayetupa bildi akikaribia mwamba. Hakai sakafuni mwa bahari, anagusa na kuvuta kamba, akajua kina cha mahali pale kwa saa ile. Safari ya roketi ya namna hii huchukua dakika tano, kumi, pengine ishirini. Haizunguki dunia wala haikusudii. Inapanda, inafika kileleni, inaanguka baharini au porini, na kwa kawaida kilichokuwa na thamani kimeshateremshwa kwa mawimbi ya redio kabla ya hapo.

Kupanda kwenyewe si tabu kubwa. Injini nyingi ni za kijeshi zilizopitwa na wakati: Terrier na Talos zilitengenezwa kuyasukuma makombora ya meli za kivita za Marekani. Black Brant, ambayo ndiyo injini maarufu kuliko zote katika kazi hii, hutengenezwa Winnipeg, Kanada. Zikipangwa moja juu ya nyingine, hufika kilomita 1,500.

Tabu ni roketi yenyewe kuwapo mahali inapopima. Tazama inavyofika huko. Injini imetoka kumwaga moshi. Chuma chake kimenyonya unyevu wa pwani, na unyevu huo unaendelea kutoka polepole katika utupu. Inakwenda kwa kasi kuliko sauti, kwa hiyo hewa hujazana mbele yake na kipimo cha uzito wa hewa huonyesha zaidi ya ukweli. Mwili wake huokota elektroni kutoka katika gesi yenye chaji inayouzunguka, ukapata volti yake wenyewe. Nyaya na mota zake huzaa uga wa sumaku. Na hata kama ingekuwa safi na bubu kabisa, kuna jambo lisilokwepeka: kitu chochote kinachokatiza uga wa sumaku wa dunia hujikuta ndani ya uga wa umeme uliozaliwa na mwendo wake. Karibu na ncha za dunia, uga wa sumaku una nguvu ya mikrotesla hamsini hivi. Roketi ikiukatiza kwa kasi ya kilomita moja kwa sekunde, mwendo peke yake huleta milivolti hamsini kwa kila mita. Uga halisi wa umeme unaotafutwa kandokando ya nuru za kaskazini (aurora) mara nyingi ni wa kiasi hicho hicho, au pungufu.

Kwa maneno mengine, ukiweka kipimo na kusoma kinachoonekana, umesoma habari za roketi. Kila sehemu ya chombo basi imebuniwa ama kukisogeza kipimo mbali na mwili huo, ama kuujua mwili huo kwa undani hadi uweze kuondolewa kwenye hesabu.

Chukua kipimo cha uga wa umeme. Mikono mirefu hufunguka pande mbili zinazotazamana, na kwenye ncha ya kila mkono kuna tufe dogo la chuma. Tofauti ya volti kati ya tufe hili na lile, ikigawanywa kwa umbali uliopo kati yao, ndiyo uga. Chaji ya mwili wa roketi huyagusa matufe yote mawili kwa kiasi kile kile, kwa hiyo ukitoa moja kwa jingine inajifuta. Lakini inajifuta iwapo tu matufe ni mapacha kweli. Chuma chenye doa la mafuta ya kidole kina volti yake ndogo, tofauti na ya chuma kisafi, na volti hiyo ingepanda angani na kurudi ikijifanya ni habari ya anga. Ndiyo sababu matufe hupakwa rangi nyeusi ya kaboni, sawasawa pande zote, na wanaoyashika huvaa glavu. Kuna watu wenye shahada za uzamivu ambao sehemu kubwa ya sifa yao miongoni mwa wenzao ni kujua kupaka rangi vizuri, na mimi naona ni sifa ya haki.

Kisha kuna mzunguko. Roketi hizi nyingi hazina usukani. Mapezi yake hutegwa kwa pembe ndogo ili ipande ikijizungusha, mara kadhaa kwa sekunde, na kujizungusha huko ndiko kunakoishikisha njia. Ila mikono mirefu ikifunguliwa kwenye mwili unaozunguka kwa kasi hiyo, itakatika. Lazima roketi ipunguzwe mzunguko kwanza. Kifaa kinachofanya kazi hiyo ni vyuma viwili vizito vilivyofungwa kwenye nyaya, nazo nyaya zimezungushwa kiunoni mwa chombo. Muda ukiwadia, vyuma huachiliwa. Vinaruka nje vikizifungua nyaya, vinaubeba mzunguko wa chombo, nyaya zinachomoka, na vyuma vinakwenda zake milele. Hakuna kompyuta wala mota. Tena mzunguko utakaobaki ni sehemu maalumu ya ule wa mwanzo, na sehemu hiyo inatokana na urefu wa nyaya, uzito wa vyuma na umbile la chombo chenyewe, vitu ambavyo fundi anaweza kuvipima mezani.

Uzuri unazidi hapo, kwa sababu mzunguko mdogo unaobaki hauachwi bure. Mikono inapozunguka ndani ya uga halisi wa umeme, kipimo hupanda na kushuka kwa kila mzunguko, maana mkono unaelekea uga, unaupa kisogo, unauelekea tena. Kasoro za matufe, ile tofauti ndogo ya rangi au ya joto, haziyumbi hivyo, zinabaki pale pale kama zilivyo. Mwenye kuchambua takwimu anachukua kinachoyumba na kuacha kilichotulia. Kasoro ambayo mikono ya binadamu ilishindwa kuiondoa kwenye chuma inaondolewa kwa kukizungusha chuma hicho. Sijui wazo hilo lilimjia nani kwanza, lakini ningependa kumpa mkono.

Kinachobaki, yaani zile milivolti hamsini za mwendo, huondolewa kwa hesabu. Inabidi kujua kasi ya roketi na imeelekea wapi, kila nukta ya safari, kwa usahihi mkubwa, maana unatoa namba kubwa kwenye namba kubwa ili ubaki na ndogo. Kosa la nyuzi chache katika mwelekeo lingeweza kukuzushia uga ambao haupo.

Kabla ya kwenda kaskazini, vyombo vya NASA hupitia kituo cha Wallops, jimbo la Virginia. Hutikiswa kwenye meza maalumu hadi kilicholegea kianguke hapo badala ya kuanguka angani, huzungushwa kuona kama vimelemea upande, na mikono hufunguliwa na kukunjwa tena na tena. Sehemu hii haina mengi ya kusimulia, na wenye kazi wanataka iwe hivyo.

Mchezo wenyewe ni kwenye uwanja wa kurushia. Viwanja vya kaskazini vinajulikana: Andøya, ambako roketi ya kwanza ya Norway ilipaa tarehe 18 Agosti 1962, Esrange, karibu na mji wa Kiruna, Sweden, tangu 1966, Poker Flat, Alaska, ulioanzishwa 1968 na kumilikiwa na chuo kikuu, jambo lisilo la kawaida, na Ny-Ålesund, visiwani Svalbard, tangu 1997. Wasomaji wa pwani yetu watakumbuka kwamba na sisi tulikuwa na uwanja: majukwaa ya Waitaliano yaliyosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, yalirusha roketi za kupima anga katika miaka ya 1960 kabla ya kurusha setilaiti, ikiwamo ile iliyopewa jina la Uhuru, Desemba 1970. Huku kwenye ikweta, swali lilikuwa jingine. Kaskazini wanafuata mistari ya sumaku ya dunia inayosimama wima na kuziongoza chembe za jua kushuka angani.

Roketi isiyo na usukani iko mikononi mwa upepo katika sekunde zake za kwanza, kabla haijapata kasi. Upepo wa ubavuni huigeuza pua yake kuuelekea, na kosa dogo karibu na ardhi huwa kilomita nyingi mwishoni. Kwa hiyo kabla ya kurusha, maputo huachiliwa moja baada ya jingine, upepo wa kila tabaka hupimwa, na reli ya kurushia huinuliwa au kugeuzwa kidogo kufidia. Upepo ukibadilika, reli inageuzwa tena. Ukizidi, hairushwi. Poker Flat kuna tatizo jingine, baridi, na wamelitatua kwa njia inayonichekesha kila nikiifikiria: roketi hufunikwa kwa sanduku la povu jeupe la plastiki, hupulizwa hewa ya moto ndani yake, na saa ikifika roketi hupaa ikilipasua sanduku hilo.

Halafu kuna kusubiri kitu kijitokeze. Ukitaka kuipitia nuru ya kaskazini, ni lazima nuru iwepo, ya aina unayoitaka, juu ya njia itakayopitiwa na roketi dakika kadhaa baadaye, kwa sababu roketi haifiki papo hapo. Saa ya kuhesabu husimamishwa dakika chache kabla ya sifuri, na hubaki imesimama kwa masaa. Setilaiti zilizowekwa kilomita milioni 1.5 upande wa jua hutoa taarifa ya upepo wa jua nusu saa au saa moja kabla haujafika. Kamera zinatazama mbingu. Mwanasayansi mkuu anakodolea skrini na kujiuliza kama mwanga huu utakua au utafifia. Akisema ndiyo, miaka yake kadhaa ya kazi inaondoka na moshi. Akisema hapana, na usiku mzuri usitokee tena, roketi inarudishwa ghalani, na hilo hutokea. Svalbard ina faida ya pekee hapa. Kuna mlango katika uga wa sumaku wa dunia, upande wa mchana, ambapo chembe za jua huingia moja kwa moja, nao hupita juu ya visiwa hivyo karibu na adhuhuri. Mahali pengi adhuhuri kuna jua na huwezi kuiona nuru yoyote angani. Svalbard wakati wa majira ya baridi, adhuhuri ni giza.

Wakati mmoja uvumilivu wote huo nusura uwe na mwisho mbaya mno. Tarehe 25 Januari 1995, Black Brant XII iliyorushwa kutoka Andøya kuchunguza nuru za kaskazini ilionekana kwenye rada za Urusi ikafanana na kombora la nyambizi ya Marekani. Norway ilikuwa imetoa taarifa wiki kadhaa kabla, lakini haikuwafikia waliokuwa zamu. Rais Boris Yeltsin alifunguliwa mkoba wa silaha za nyuklia. Roketi iliendelea na vipimo vyake na kuanguka baharini karibu na Svalbard kama ilivyopangwa.

Mara chache mafundi hawa hukubali roketi ijionyeshe, na hapo huijaza rangi. Tarehe 5 Aprili 2019, roketi mbili za mradi wa AZURE, ulioongozwa na Miguel Larsen wa Chuo Kikuu cha Clemson, zilimwaga angani juu ya bahari ya Norway kemikali zinazong'aa zikikutana na oksijeni au mwanga wa jua. Watu wa kaskazini waliona mawingu ya kijani na zambarau yakining'inia kati ya nuru za kawaida, na baadhi wakaingiwa na hofu. Kamera za ardhini zilifuata jinsi mawingu hayo yalivyokuwa yakisogea na kujipinda, na hivyo pepo za kule juu zikapimwa bila roketi kuwamo ndani ya kipimo. Mawazo ni yale yale ya mpira wa mita moja: acha kitu chepesi, ondoka, tazama kutoka mbali.

Roketi zilianza kuingia ndani ya nuru mapema. Mwaka 1958, Carl McIlwain alipeleka vipimo ndani ya nuru za kaskazini kutoka Churchill na kukuta elektroni zinazoshuka zina nishati karibu sawa, jambo lililoashiria kwamba kuna uga wa umeme huko juu unaozisukuma zote kwa volti ile ile, volti elfu kadhaa. Volti elfu kadhaa hujitangaza zenyewe. Zinawasha mbingu nzima.

Kuna uga mwingine, dhaifu, ambao hauwashi chochote. Katika miaka ya 1960 vyombo vilivyopita juu ya ncha viliona chembe zikitiririka kutoka angani mwa dunia kwenda nje, zikiwa baridi, yaani bila dalili ya kuchemshwa na kitu, na bado zikienda kasi. Ian Axford akauita mtiririko huo upepo wa ncha, na Peter Banks na Thomas Holzer wakaufanyia hesabu. Maelezo yalikuwa hivi. Jua hupiga atomu za juu na kuzing'oa elektroni. Elektroni ni nyepesi na zinataka kuruka nje. Ioni, yaani atomu zilizobaki na upungufu, ni nzito na zinataka kuanguka. Lakini chaji zinazopingana hazikubali kuachana. Elektroni zikivuta juu na ioni zikivuta chini, kati yao huzuka uga mdogo wa umeme unaozizuia elektroni na kuzinyanyua ioni. Juu ya dunia nzima uga huo ungekuwapo, kama mvutano wa ardhi ulivyopo. Ukubwa uliotabiriwa ulikuwa chini ya volti moja, ikigawanyika katika mamia ya kilomita.

Sasa rudi kwenye roketi inayojichaji yenyewe. Volti inayojipatia kwa kuwapo tu huko juu yaweza kufikia au kupita ile inayotafutwa. Matufe kwenye mikono ya mita chache hayafai kitu hapa, kwa sababu sehemu ya uga itakayoangukia kati yao ni ndogo isiyosemeka. Kwa nusu karne nadharia ilikubaliwa na hakuna aliyekuwa na chombo cha kuihakikisha.

Kuanzia 2016, Glyn Collinson wa kituo cha Goddard cha NASA na wenzake walianza kubuni chombo hicho. Walichofanya ni kutafuta rula ambayo haikutengenezwa na binadamu. Jua hutoa, pamoja na mwanga wake mwingine, mstari mmoja mkali wa mwanga wa heliamu wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 30.4. Mwanga huo ukipiga naitrojeni na oksijeni, elektroni zinazong'olewa hutoka na nishati maalumu zinazojulikana, za elektrovolti ishirini na kitu, daima zile zile, kwa kuwa atomu za leo ni kama za jana. Elektroni hizo hupanda. Zikipanda ndani ya uga unaozizuia, hupoteza nishati kidogo njiani. Basi huna haja ya kupima uga mahali ulipo: kamata elektroni zilizotoka chini, angalia zimepungukiwa kiasi gani kulinganisha na zilipozaliwa, na upungufu huo ndio volti zote zilizopandwa. Rula imetengenezwa na jua na hewa. Kilichobaki ni kuwa na macho makali ya kuisoma, na kuondoa volti ya roketi, ambayo kipimo kingine kilichochomozwa nje ya mwili kilikuwa kikiifuatilia safari nzima.

Roketi waliipa jina la Endurance, meli ya mvumbuzi Ernest Shackleton. Ilibidi irushwe karibu na ncha, na kwa hilo Ny-Ålesund ndio uwanja uliofaa. Ni kijiji cha zamani cha makaa ya mawe. Migodi ilifungwa baada ya ajali ya 1962 iliyoua watu 21, na leo wakazi wake ni watafiti na wanaowahudumia. Mlingoti uliofungiwa chombo cha mvumbuzi Amundsen cha kuelea angani kabla ya safari yake ya ncha mwaka 1926 bado umesimama. Simu za mkononi na mitandao isiyo na waya haziruhusiwi, kwa sababu darubini za redio zilizoko hapo zinasikiliza mawimbi dhaifu kutoka mbali angani. Ni kijiji ambacho wakazi wote wamekubali kunyamaza ili kipimo kisikie.

Na tofauti na karibu kila roketi niliyoitaja, hii haikusubiri nuru. Ilisubiri kusiwe na kitu. Dhoruba yoyote ya sumaku ingeufunika uga huo dhaifu. Ilitakiwa jua liwepo, maana ndilo lenye rula, na anga iwe imetulia. Tarehe 11 Mei 2022, saa zikisema ni usiku lakini jua la Mei likiwa juu ya upeo, Endurance ilirushwa. Ilifika kilomita 768. Dakika 19 baada ya kuondoka ilikuwa imeanguka katika bahari ya Greenland.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature tarehe 28 Agosti 2024. Kati ya kilomita 248 na 768, volti zilizopandwa na elektroni zilikuwa 0.55, na shaka ya 0.09 huku na huku. Betri ya tochi ina karibu mara tatu ya hiyo. Lakini kwa ioni ya haidrojeni, hiyo nusu volti ni msukumo wa kwenda nje ulio mara 10.6 ya mvutano wa dunia, na ioni ya oksijeni kwenye kimo hicho hupungua uzito hadi nusu. Kiasi kilichopimwa kililingana na kile ambacho msukumo wa elektroni peke yake ungeweza kuzaa, na rada ya Svalbard iliyokuwa ikitazama anga hiyo kutoka chini ilitoa vipimo vya kulinganishia.

Miezi zaidi ya ishirini na saba kwa safari ya dakika 19. Sehemu kubwa ya muda wa namna hiyo, katika kazi hii, huenda kwenye swali moja linaloulizwa kwa njia tofauti: je, hii ni ya anga au ni ya roketi? Shaka ya 0.09 iliyochapishwa pembeni ya namba ni hesabu ya ukweli ya kile ambacho hawakuweza kukitenganisha, na kwangu mimi tarakimu hizo mbili ndizo zinazostahili kusomwa taratibu.

Mwaka 2016, kabla ya Endurance kuundwa, Collinson huyo huyo alikuwa ameshatangaza uga wa aina hii juu ya sayari nyingine. Alitumia vipimo vya Venus Express, chombo cha Ulaya kilichorushwa 2005, na kuikuta Zuhura ina uga wa karibu volti kumi. Uga wa Zuhura, mamilioni ya kilomita kutoka hapa, ulikuwa na nguvu za kutosha kuonekana kwa chombo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake. Wetu, ulio juu ya vichwa vyetu, ulilazimu kitengenezwe chombo kipya kabisa.